Daftari la Mpangaji wa Chumba cha Tano

Wapangaji walimwita Mama Kufuli, naye alijua wanamwita hivyo, maana hakuna neno lililosemwa uani likakosa kumfikia. Hakuwahi kukasirika. Lango lake lilikuwa na makufuli mawili, bomba la maji lilikuwa na la kwake, stoo ilikuwa na la kwake, na hata kibanda cha kuku, ambacho hakikuwa na kuku kwa mwaka wa nne sasa, kilifungwa barabara. Funguo zote alizitunga kwenye kamba moja na kuifunga kiunoni, kiasi kwamba watu walimsikia kabla hawajamwona, na mazungumzo yakabadilika akiwa bado njiani.

Hakuzaliwa hivyo. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mpiga chapa wa ofisi, mtu wa kucheka na kuazimisha watu vitu. Mumewe alikuwa dereva wa lori, na nyumba ile waliijenga chumba kwa chumba, kila safari ndefu ikizaa tofali chache. Mume alipofariki, haikupita hata miezi miwili, shemeji yake, mdogo wa marehemu, akaja asubuhi moja na wanaume wawili asiowajua. Walikuwa na utepe wa kupimia. Yeye alikuwa amesimama na ndoo ya nguo mbichi mkononi. Akauliza kuna nini, shemeji akasema wanaangalia tu. Wakapima ua kutoka ukuta hadi ukuta, wakapima na upana wa vyumba, wakaandika, wakaondoka. Kule kuangalia kuligeuka kuwa kesi, na kesi ikala miaka mitatu. Alishinda. Shemeji akaomba radhi mbele ya ndugu wote na wakapeana mikono. Lakini tangu siku ile, hata fundi cherehani akinyoosha utepe ili ampime mabega, alirudi nyuma hatua moja.

Sasa mtu kama huyo ndiye aliyemkaribisha mpangaji wa chumba cha tano.

Alikuwa mzee mwembamba, mstaafu, mjane kama yeye. Alikuja na mkokoteni wenye masanduku matatu ya vitabu, kitanda, na meza ya kukunja. Wapangaji wote wakija huuliza maji yanatoka siku gani na umeme unagawanywa vipi. Yule mzee aliuliza jua la asubuhi linaingilia upande gani. Mama Kufuli alimwonyesha kwa kidole, akampa ufunguo, kisha akakaa na lile swali siku nzima kama mtu aliyemeza kokwa.

Jumapili binti yake alipokuja kumtembelea, akamsimulia. Binti alikuwa nesi, mtu wa kusema mambo kwa ufupi. Akasema labda mzee anataka kuanika nguo.

"Nguo zenyewe ana mashati mawili," mama akasema.

Wiki ya pili habari ikamfikia kupitia mama muuza mitumba wa chumba cha pili, kwamba yule mzee kabla ya kustaafu alikuwa mchora ramani. Wapi? Ofisi ya ardhi. Mama Kufuli alikuwa anachambua mchele wakati anaambiwa. Mikono ikasimama, kisha ikaendelea kuchambua, lakini tangu dakika ile hakuona tena mchele wala mawe.

Akaanza kumchunguza. Na kusema kweli, mzee hakumsaidia kuonekana msafi. Kila asubuhi, watu wakishatawanyika kwenda makazini, alitoka na kigoda chake, akakiweka katikati ya ua, akakaa akiwa ameelekea ukuta. Ukuta mtupu. Akiwa ameweka magotini daftari kubwa la jalada gumu jeusi, akitazama, akichora, akitazama tena. Siku nyingine alihamia kwenye mpapai, siku nyingine kwenye kona ya mfereji wa maji machafu, akachuchumaa pale nusu saa kama aliyedondosha pete. Alikuwa na lenzi ya kukuzia. Alikuwa na rula. Na siku moja, Mama Kufuli akiwa nyuma ya pazia, alimwona akitoa mfukoni utepe wa kupimia, akauvuta kutoka chini ya ukuta wa nyuma wa chumba chake mwenyewe, chumba cha kulala cha mwenye nyumba, mpaka juu kidogo ya usawa wa dirisha. Akasoma namba. Akaandika.

Mama Kufuli akaachia pazia, akakaa kitandani.

Kesho yake mzee akamgongea mlango. Alikuwa mtu wa kuanzia mbali, mwenye salamu ndefu na koo la kusafisha kila baada ya maneno matatu. Baada ya kuulizia afya, na afya ya binti, na hali ya hewa, akasema, "Mama, kuna jambo ningependa tuzungumze, kuhusu nyumba yako."

"Nyumba hii haiuzwi," Mama Kufuli akasema, akafunga mlango. Alimsikia mzee amesimama pale nje kwa muda, kisha kandambili zake zikaondoka taratibu.

Siku hiyohiyo alinunua daftari la shule lenye kurasa tisini na sita. Kama ni kuandika, na yeye aliandika maisha yake yote. Kesi ya kwanza karibu imponyoke kwa sababu hakuwa na tarehe. Alipoulizwa mbele ya wazee walikuja lini, walipima nini, akabaki kusema asubuhi moja, asubuhi moja. Safari hii angekuwa na kila kitu. Akasogeza kiti chake cha plastiki mpaka kwenye kivuli cha stoo, akachukua bakuli la maharage ya kuchambua kama kisingizio, na daftari akalificha chini ya bakuli.

Kurasa za mwanzo ziliandikwa kwa ule ukavu wa ofisini. Saa tatu na robo, ametoka. Saa tatu na nusu, anatazama ukuta wa choo. Saa nne na dakika kumi, bado anatazama ukuta wa choo. Lakini mtu hawezi kuandika mara sita kwamba mwenzake anatazama ukuta asijiulize ukutani kuna nini. Mzee alipoinuka kwenda kunywa chai, Mama Kufuli naye akainuka, akapita pale kama anayekwenda kumwaga maji.

Kulikuwa na dondora. Mdudu yule mwembamba mwenye kiuno kama uzi, mweusi, mwenye miguu inayoning'inia akiruka. Alikuwa anajenga kwa tope, anabeba donge moja kwa moja kutoka kwenye unyevu wa bombani, analipaka, analilainisha, anarudi kuchukua lingine. Alikuwa ameshamaliza vyumba vitatu na cha nne kiko nusu. Mama Kufuli akasimama na ndoo yake tupu. Baadaye akamwona yule dondora akija na buibui aliyelegea, akimsukumia ndani ya chumba, kisha akaziba mlango kwa tope mpaka ukawa sawa na ukuta.

Akaandika: Saa tano kasoro tano. Dondora amefunga chumba. Akakisoma alichoandika, akaona hakihusiani na kesi, akataka kukikata, hakukikata.

Ikawa hivyo kwa wiki tatu. Aliandika kwamba mpangaji amemtazama mjusi wa kwenye taa dakika arobaini, na ilimbidi naye amtazame mjusi ili ajue kama kweli inawezekana kumtazama mjusi dakika arobaini. Inawezekana. Aliandika kwamba chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo kama sindano, anafuma kiota kwenye waya wa kuanikia nguo wa chumba cha tatu, na kwamba mpangaji amemwomba mwenye waya asianike mashuka upande ule. Hilo nalo alilipigia mstari, maana mtu anayeanza kuwapangia wenzake mahali pa kuanika, kesho atampangia mwenye nyumba mahali pa kulala.

Kisha akamwona na kisu. Kilikuwa kisu kidogo cha kuchongea penseli. Mzee alisimama kwenye ukuta uleule wa chumba cha mwenye nyumba, akakwangua kitu, vumbi jekundu likadondoka, akalisogelea kwa lenzi, akaandika. Kesho yake akarudi kuangalia palepale. Mama Kufuli alipopita baadaye hakuona kitu ila mstari wa tope ambao ulikuwepo pale siku zote, aliouchukulia kuwa rashasha za mvua au mikono michafu ya watu.

Alijiapiza zamani kwamba hataingia chumba cha mpangaji bila mwenyewe kuwepo, isipokuwa bomba likipasuka. Jumanne ile, mzee alipokwenda zahanati kupima presha, Mama Kufuli aliamua kwamba anasikia maji yanachuruzika.

Chumba kilikuwa safi kuliko alivyotaka kiwe. Kitanda kimetandikwa, penseli zimepangwa kwa urefu, na daftari jeusi liko mezani, hata halikufichwa. Kutofichwa kwenyewe kulimtia shaka. Akavaa miwani, akafungua.

Mwanzoni aliona vitu alivyovijua. Dondora yule, amechorwa mpaka vinyweleo vya miguuni. Mjusi, kidole kwa kidole. Jani la mpapai lililotobolewa na viwavi, kila tundu mahali pake. Zilikuwa picha nzuri, na hilo halikumpendeza. Kisha akafunua ukurasa ambao moyo wake ulikuwa unautafuta. Ramani ya nyumba yake, imechorwa kama inavyoonekana na ndege, vyumba vyote, choo, stoo, mpapai, bomba. Kwenye chumba chake cha kulala palikuwa na alama ya msalaba kwa penseli nyekundu. Ukurasa uliofuata ulikuwa ukuta, na mstari mwekundu unaopanda, na tarehe pembeni. Futi mbili. Futi tatu na inchi tano. Futi nne na inchi tisa, unaelekea paa. Nimebomoa inchi mbili. Wamerudisha kwa siku moja. Na chini kabisa, kwa mwandiko uleule mzuri wa ofisi ya ardhi: Mwenye nyumba hataki kusikia. Asiambiwe tena mpaka nimalize kupima.

Akafunga daftari. Akalirudisha kwa pembe ileile. Akatoka, akafunga mlango, kisha akarudi kuhakikisha ameufunga.

Hakwenda kwa jirani wala hakumpigia binti. Alikwenda moja kwa moja dukani kwa shemeji yake, anapouza vipuri vya baiskeli. Shemeji alikuwa anapanga minyororo kwenye misumari. Kumwona shemeji yake mlangoni, mara ya kwanza katika miaka mitano, akafuta mikono haraka na kumvutia kiti. Mama Kufuli hakukaa.

"Uliyemtuma chumba cha tano nimeshamjua," akasema.

Shemeji akakirudisha kiti mahali pake. Akajibu kwa sauti ya chini kwamba hajamtuma mtu, na kwamba hajui hata ana vyumba vingapi siku hizi. Jibu hilo lilimwudhi kuliko kukubali, kwa sababu vyumba vile alivihesabu yeye mwenyewe kwa utepe. Mama Kufuli akageuka aondoke, na shemeji akamwambia kwamba Jumamosi atakuja, akae na huyo mtu uso kwa uso. Njia nzima ya kurudi, Mama Kufuli alilipima lile neno. Mtu asiye na hatia angekuja. Lakini mwenye hatia naye angekuja, ili aonekane hana.

Jumamosi asubuhi wakakaa uani wanne. Binti alikuwa ametoka zamu moja kwa moja, macho mazito. Shemeji alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mpangaji alipoombwa alete daftari lake, alilileta bila swali, akampa mwenye nyumba mkononi. Yeye akalifungua kwenye kurasa zile, akawasomea wote kwa sauti, namba kwa namba, msalaba mwekundu, na maneno ya chini. Alisoma kama alivyokuwa akisoma barua za mkuu wake zamani, bila kupanda wala kushuka. Alipomaliza akampa binti ajionee mwenyewe.

Mzee akasafisha koo. Safari hii hakuanzia mbali.

"Mama, hao ni mchwa."

Akaeleza. Ule mstari wa tope ukutani ni kijia, mchwa hupita ndani yake wasiguswe na jua. Alikibomoa kidogo ili aone kama kijia kimekufa au kina wenyewe, na kesho yake akakuta kimezibwa. Akajua wapo, na ni wengi, na wanapanda. Alipokuja mlangoni siku ile ndicho alichokuja kusema, akafungiwa. Akaona bora apime mpaka awe na ushahidi ambao hata mtu mkali hawezi kuukataa. Msalaba ni mahali anapodhani wanaingilia.

"Kwa nini hukusema mchwa tangu siku ya kwanza?" binti akauliza.

"Nilikuwa bado kwenye salamu," mzee akasema.

Shemeji alitazama chini, na mabega yake yalitikisika kidogo. Mama Kufuli hakucheka. Alisema maneno matupu hayamtoshi, mtu anaweza kuita chochote mchwa. Mzee akakubali. Akasema ukweli uko nyuma ya kile kilichosimama upande wa ndani wa ukuta ule, kama ruhusa ipo.

Nyuma ya ukuta ule lilikuwa kabati la nguo za marehemu. Halikuwahi kusogezwa tangu kesi ilipokwisha. Mama Kufuli akasema ataingia na binti yake tu. Wakaingia, wakasukuma, kabati halikutikisika. Wakasukuma tena. Binti akakaa chini, akasema, mama, mimi nimesimama usiku kucha, hili jambo linataka mwanaume. Uani palikuwa na wanaume wawili, na mmoja ana presha.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba yule shemeji, ambaye zamani alizuiwa hata kuvuka lango, aliingia chumbani kwa shemeji yake, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akaweka bega kwenye kabati la kaka yake. Kabati likasogea na kuacha mgongo wake nyuma. Mbao za mgongo zilibaki zimeganda kwenye ukuta, nyembamba kama karatasi, zimefunikwa tope jekundu lenye vijia kama mishipa ya mkono. Juu, boriti ya paa iliyoingia ukutani ilikuwa na tope lilelile. Binti aliigonga kwa mpini wa ufagio. Ikatoa sauti ya boksi tupu.

Mama Kufuli hakuitazama boriti. Alikuwa anatazama sanduku la mbao lililokaa sakafuni nyuma ya kabati, mahali alipoona hakuna mwizi wala ndugu atakayefika. Lilikuwa na makufuli mawili, na yote yalikuwa mazima. Akawaomba wageuke. Wakageuka, hata binti. Akafungua la kwanza, akafungua la pili, akainua kifuniko.

Wadudu weupe wakatawanyika. Mchwa waliingilia chini, kupitia sakafu, wakala kwenda juu. Hati ya nyumba, barua za kesi, cheti cha ndoa, vyote vilikuwa pale kwa umbo lake, lakini alipoinua bahasha ikabaki mkononi kipande cha pembeni tu, kama fremu isiyo na picha. Neno moja la muhuri lilisomeka. Mengine yalikuwa tope.

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Hakulia. Alichokifanya kwanza ni kunyanyua macho na kumtazama shemeji, ambaye alikuwa bado amempa mgongo. Mtu ambaye akigeuka tu angejua kwamba hana karatasi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake bila viatu, na mwingine alikuwa ameshafika mlangoni, mchora ramani wa ofisi ya ardhi.

Shemeji akageuka, akaona lile sanduku, akaona na yale macho. Uso wake ukabadilika.

"Shemeji," akasema, "najua unachofikiri. Mimi ningekuwa wewe ningefikiri hivyohivyo." Akavaa viatu. "Siku utakayohitaji mtu wa upande wa kaka aseme nyumba hii ni yako, nitume. Nitasema popote, mbele ya yeyote."

Akaenda zake. Mama Kufuli alimsikia mzee akimfungulia lango, kisha akamsikia akilifunga tena, na makufuli yote mawili yakalia.

Siku zilizofuata hakulala vizuri mchana wala usiku. Alimsubiri mtu mwenye utepe. Alimhesabia shemeji siku, akasema wiki haitaisha, na wiki ikaisha. Akaja fundi wa dawa ya mchwa, akaja seremala kubadilisha boriti, na yeye akakaa chini yao na daftari lake, akiandika kila msumari uliotoka na kila msumari uliorudi, mpaka seremala akamwuliza binti kwa siri kama mama ni mkaguzi.

Mzee wa chumba cha tano alimwambia kwamba hati ikiliwa, ofisi hubaki na nakala yake, na kwamba yeye anajua kabati lenyewe liko chumba gani. Mama Kufuli alikataa siku mbili. Siku ya tatu alivaa viatu vya kufunga, akasema watakwenda, lakini watapita njia kuu.

Kwenye korido ya ofisi ya ardhi kila mtu alimsalimu mzee. Karani mmoja alimkumbatia. Mwingine akamnong'oneza kitu, wakacheka. Mama Kufuli alishika mkoba wake kwa mikono miwili, kisha akatoa daftari lake, akaandika saa. Ilibidi wasubiri, na kusubiri kukawa saa nyingi. Mzee akatoa daftari jeusi na kuchora buibui aliyekuwa kwenye kona ya dari. Alipoitwa ndani, aliliacha kwenye benchi. Kama alimwachia makusudi au alisahau, Mama Kufuli hakujua, lakini mikono yake ilishalifungua.

Karibu na mwisho akakuta ukurasa usio na mdudu. Palikuwa na kiti cha plastiki, kivuli cha stoo, na mwanamke amekaa na bakuli mapajani, shingo imenyooka kama ya ndege aliyesikia tawi limevunjika. Chini palikuwa na maneno. Mwenye nyumba. Hukaa hapa kuanzia saa tatu. Maharage ni yaleyale tangu Jumatatu. Hufunga lango, huenda hatua tisa, hurudi kulijaribu. Leo amemtazama dondora dakika kumi na tano bila kupepesa. Hakuna mtu mwingine uani aliyewahi kumtazama.

Damu ilimpanda. Mzee aliporudi na karatasi za kujaza, alimkuta amelifunga daftari na kuliweka mbali naye.

"Umenichora kama mjusi," akasema.

"Nimekuchora ulivyokaa, mama."

"Hukuniomba."

"Sikukuomba," mzee akakubali. "Na wewe, hilo lililo chini ya bakuli, uliniomba?"

Alikuwa nalo mkobani. Akafikiri kukana. Kisha akalitoa, akampa, akageuza uso kutazama dirisha la makarani. Mzee alisoma polepole, ukurasa kwa ukurasa, akinyanyua nyusi alipokutana na jina lake na kuzishusha alipokutana na dondora. Alipofika kwenye siku ambayo chozi alitotoa, akauliza kama ana uhakika na tarehe ile, maana yeye aliikosa, alikuwa zahanati. Mama Kufuli akasema ana uhakika. Mzee akainakili kwenye daftari lake, na pembeni akaandika: kwa mujibu wa mwenye nyumba.

Nakala ilipatikana, lakini ili hati mpya itolewe ilihitajika kiapo cha ndugu wa marehemu. Alituma neno kwa shemeji, na shemeji akaja kabla ofisi haijafunguliwa. Alipomaliza kusema na karani kuandika, Mama Kufuli aliomba ile karatasi, akaisoma mara tatu, mara ya tatu akifuata mistari kwa kidole. Shemeji alisimama pale na kalamu mkononi, akasubiri. Hakusema amechoka. Akaweka sahihi, na chini yake, bila kuulizwa, akaandika idadi ya vyumba, ambayo alilazimika kumwuliza yeye.

"Saba," akamwambia. Kisha, akifunga mkoba, "Siku moja uje ule, na mama watoto."

Hati mpya ilitoka baada ya miezi miwili. Safari hii alimpa binti akaihifadhi kwenye kabati la chuma kazini, na hilo lilimgharimu binti, kwa sababu alipigiwa simu kila baada ya siku mbili aende akaitazame. Makufuli hayakupungua. Mpangaji mpya alipokuja chumba cha sita, kijana wa kurekebisha redio, alichunguzwa sawasawa na mwingine yeyote, na mama muuza mitumba akamwonya asije na kitu chochote chenye namba.

Lakini lile daftari la shule liliisha, na Mama Kufuli akanunua lingine lisilo na mistari. Asubuhi moja akapeleka kiti chake, akakiweka si mbali na kigoda cha mzee, akasema anataka kumchora dondora, ila miguu inamshinda, hajui inaanzia wapi. Mzee akamwambia asianze na kuchora, aanze na kuhesabu. Dondora ana miguu sita, na yote inatokea kifuani, hakuna unaotokea tumboni.

Mama Kufuli alimtazama kwa jicho la pembeni. Akamwomba lenzi, akaenda mpaka ukutani, akainama, akasubiri dondora atue, akaihesabu mwenyewe. Kisha akazunguka upande wa pili, akaihesabu tena.